Nusu Mzunguko

8 Juni 1987

Mkuu wa taa lazima awe na daftari. Mzee Hilario analo lake tangu nimfahamu, la jalada jeusi na madoa ya kahawa, na humo anaandika taa ipi imefungwa wapi na imefungwa na nani. Kwa hiyo leo, tulipopita mji wa Cuautla, na mimi nimenunua langu. Najizoeza mapema.

Nina sababu. Asubuhi, kabla hatujashusha hata sanduku moja kwenye lori, Mzee ametukusanya watu wa taa uani. "Sikilizeni jamani," akasema. "Hii ndiyo filamu yangu ya mwisho. Magoti yamegoma. Siku taa ya mwisho itakaposhuka, nitamtaja atakayeshika nafasi yangu."

Wote wakanigeukia mimi, na sitii chumvi. Nabor wa jenereta akanipigia saluti kwa mkono uliojaa grisi. "Bosi Otilia," akasema, "mishahara itapanda lini?" Nikamwambia anyamaze, lakini masikio yangu yalikuwa ya moto kwa furaha. Miaka ishirini na miwili niko kwenye ngazi. Mwanamke pekee katika kikosi chochote cha taa ninachokijua, na sijawahi kumwomba mwanamume anishikie kitu.

Tuko San Gaspar, shamba la zamani la miwa. Jumba lina boriti za mbao nene kama kiuno changu, na vibano vyote vya kufungia taa na vifaa vyake vitakaa humo. Mvua imefika kabla yetu. Taa 20, vibano 124. Hivyo ndivyo mkuu anavyoandika.

9 Juni

Kumbe si mwanamke pekee tena.

Amekuja na basi la saa nne, ana begi moja la turubai na mabega kama ya mbeba mizigo. Jina lake Rosaura Quiroz, miaka thelathini na mitatu, kutoka Veracruz. Huko alikuwa bandarini, akifunga shehena kwenye kreni. Mzee amemchukua baada ya mwenzetu Lupercio kuvunjika mguu, na hakuniambia neno.

Alinijia moja kwa moja akicheka. "Wewe ndiye shangazi Otilia? Sifa zako zimefika mpaka bandarini!"

"Shangazi yako yuko Veracruz," nikamjibu. "Mimi ni Otilia."

"Sawa, shangazi."

Nabor alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuona cha kuchekesha.

Ilibidi nimfundishe taratibu zetu. Ya kwanza, aliyefunga kibano ndiye anayekifungua, na hakuna kugusa kibano cha mwenzako. Ya pili, ukishakaza skrubu mpaka mwisho, unachora mstari mmoja wa rangi ya kucha, uanze kwenye skrubu uishie kwenye mwili wa kibano. Skrubu ikilegea hata kidogo, mstari unakatika, na Mzee anauona akiwa chini bila kupanda. Utaratibu huo nimeubuni mimi, mwaka 1974, kwa chupa ya rangi niliyokuwa nayo mkobani. Sasa kila mtu ana rangi yake. Yangu ni nyekundu.

"Nami naweza kuchukua nyekundu?" akauliza.

"Nyekundu ina mwenyewe."

Akachukua njano.

10 Juni

Mvua kutwa. Taa kumi na mbili ziko juu sebuleni.

12 Juni

Leo taa yangu moja imeteleza. Niandike vizuri, kwa sababu mkuu haandiki mazuri tu. Boriti ya nne, juu ya kiti anachokalia mwigizaji wetu mkubwa wa kike. Kibano kiliserereka kwa upana wa kiganja, taa ikaning'inia, mnyororo wa usalama ukaidaka. Hakuna aliyeumia. Mwigizaji alikuwa bado chumbani akifungwa nywele, lakini mshonaji alikuwa amepiga magoti pale pale akitafuta pini, na alipotazama juu alipiga kelele ambayo naisikia mpaka sasa.

Nilimweleza Mzee kwamba boriti imelowa. Ni kweli imelowa. Mbao za hapa huvimba mvua ikinyesha na kunywea jua likitoka, na kila mtu analijua hilo. Mzee akaitikia kwa kichwa. Rosaura alikuwa chini ya ngazi ameshika mnyororo, akakitazama kibano, kisha akautazama mkono wangu. Nikauingiza mfukoni.

13 Juni

Mkono wa kulia umeamka umekufa ganzi. Ni baridi tu. Nimepaka dawa ya kuchua ya arnika na kuvaa glavu.

15 Juni

Bibi wa bandarini anawahi kazini. Mlinzi ananiambia saa kumi na mbili yuko ndani tayari, wakati sisi tunaanza saa moja. Na Mzee anapofika, anamkuta na kikombe cha kahawa ya mdalasini mkononi. Kahawa hiyo amempikia Mzee, hainywi yeye. Kiherehere cha namna hii nimekiona kwa wanaume wengi, nao wote walirudi kwao mapema.

24 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Nabor alijificha nyuma ya lori na ndoo, akatumwagia maji kila aliyepita, eti ni baraka. Mimi nilipomwona nimebadilisha njia. Rosaura yeye alimpokonya ndoo na kumvisha kichwani, kikosi kizima kikaanguka kwa kicheko. Mzee Hilario alicheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi, akasema, "Huyu mtoto atatuua."

Mimi hajawahi kuniita mtoto. Nilikuja kwake nina miaka ishirini na saba, na siku ya kwanza aliniambia, "Wewe, shika ngazi." Nimeshika ngazi. Sasa anatokea mtu na ndoo, na kwa siku kumi na tano tu anapata kile ambacho mimi sikukipata kwa miaka ishirini na miwili. Naandika hili niko peke yangu, kwa hiyo nitalisema wazi: namwonea wivu. Namwonea wivu mabega yake, kicheko chake, na jinsi anavyopanda ngazi akila embe.

Tamale alizoleta Rosaura, mikate ile ya mahindi ya mvuke, zilikuwa tamu. Nilikula mbili nikiwa nimegeuka ukutani.

30 Juni

Tumeshusha taa za sebuleni ili tuhamie barazani. Vibano vyangu vimeshika kutu vyote kwa ajili ya mvua hii. Mpini haugeuki. Ilibidi nichukue kipande cha bomba, nikiingize kwenye mpini na kukisukuma kwa kifua. Kimoja kilinichukua dakika kumi. Vya Rosaura vilifunguka kama vifuniko vya sufuria. Nikamuuliza anapaka nini.

"Hakuna, shangazi. Labda boriti zangu zilikuwa kavu."

Eti boriti zake! Jumba moja, paa moja, mvua moja.

7 Julai

Mvua. Supu ya mahindi. Mvua.

14 Julai

Nimeona kitu.

Barazani, boriti ya tatu kutoka mlangoni, kibano cha Rosaura: mstari wa njano umekatika. Si sana, upana wa kucha, lakini mimi ndiye niliyeubuni mstari huo na macho yangu hayadanganyiki. Jua la mchana limekausha mbao, nayo skrubu imelegea. Mzee hakuona, kwa sababu nguzo ilimziba.

Ningemwambia yeye, au ningemwambia Mzee. Nilisimama pale na kikombe changu nikakitazama kibano mpaka kahawa ikapoa. Utaratibu unasema usiguse kibano cha mwenzako. Sikukigusa. Hakuna utaratibu unaosema lazima useme.

Hayo maneno yangu nimeyasoma tena na hayanipendezi, lakini ndivyo nilivyofikiri.

15 Julai

Bado kiko vile vile. Mchana wamepiga onyesho la chakula cha jioni, waigizaji wawili na mpishi mezani, taa ya kilo kumi na mbili juu yao. Mwigizaji wa kiume alikosea maneno mara tisa. Mara tisa nilihesabu pumzi zangu. Mnyororo upo, nilikuwa najiambia, mnyororo upo. Nikimwona Rosaura anashushwa hadhi mbele ya wote, nitafurahi? Nilikuwa nimejibu ndiyo kabla sijamaliza kujiuliza.

16 Julai

Mstari wa njano umenyooka. Ameikaza skrubu na kuuchora upya. Nilivunjika moyo, halafu nikaona aibu kwa kuvunjika moyo, halafu nikamkasirikia yeye kwa kunitia aibu.

2 Agosti

Leo nimepigwa kofi bila kuguswa.

Kila tunapohamia mahali papya, kibano cha kwanza hufungwa na mtu ambaye Mzee anamtaja. Si sheria, ni desturi ya kikosi chake. Kile cha kwanza ni cha rangi nyeusi, alikinunua akiwa kijana, na kinapokuwa juu sote tunapiga makofi mara tatu kisha kazi inaanza. Tangu 1979 kibano hicho nakifunga mimi. Katika filamu kumi na nne hajawahi kutaja jina lingine. Hata hangoji, ananyoosha mkono tu nami nachukua.

Leo tumeingia kanisa dogo la shamba. Boriti ziko juu sana, mita sita. Ngazi imesimamishwa. Mzee akakitoa kibano cheusi kwenye kitambaa chake, mimi nikapiga hatua mbele, glavu tayari mkononi.

"Rosaura," akasema.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Niliupeleka kichwani nikajikuna, lakini Nabor aliona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupata mzaha wa kusema. Rosaura naye alisita. "Mzee, hii si kazi ya shangazi Otilia?"

"Nimesema Rosaura."

Akapanda. Alifunga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika boriti, na tulisikia mbao ikilia. Makofi matatu. Nilipiga na mimi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, ili asiwepo wa kusema kwamba Otilia ana kijicho.

Kisha nikaenda nyuma ya kanisa, kwenye mitungi mibovu ya molasi, nikalia kama mtoto mchanga. Kwa nini aliniombea nafasi? Angenyamaza tu akapanda, ningemchukia kwa raha zangu. Sasa hata chuki yangu ameitilia maji.

11 Agosti

Nimeangusha kikombe. Watu wamedhani ni ngurumo iliyonishtua, nami nimewaacha wadhani.

19 Agosti

Sikulala vizuri, kwa hiyo nilifika mapema, saa kumi na mbili na nusu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linaingia kwenye dirisha la kanisa. Na nani namwona akishuka ngazi, upande wangu, chini ya boriti zangu? Kitambaa begani, na kitu kidogo anakifutika mfukoni.

"Unafanya nini huko juu?"

"Natafuta popo, shangazi. Wanachafua lenzi."

"Umempata?"

"Amekimbia."

Akaenda kuchemsha kahawa ya Mzee. Mimi nikabaki nikitazama juu. Mistari yangu yote ilikuwa imenyooka. Nilijaribu kufikiria kitu kibaya na nikashindwa kukimaliza. Lakini popo hakuna humu, nimetafuta kinyesi chao kila kona.

28 Agosti

Nyekundu ile si yangu.

Mchana, wakati wa chakula, nilipanda kurekebisha kitambaa mbele ya taa ya boriti ya pili, na uso wangu ukawa karibu na kibano kuliko kawaida. Mstari ni mwekundu, ndiyo, lakini una upinki kidogo, kama midomo ya wasichana wa sokoni. Yangu ni nyekundu ya damu ya ng'ombe, ninayonunua duka lile lile la mjini Mexico kwa miaka kumi na mitatu. Nikahamia kibano cha pili. Pinki. Cha tatu, pinki. Vyote kumi na moja.

Mtu amefungua vibano vyangu, akavichezea, akachora upya ili nisijue. Na mtu huyo nimemwona kwa macho yangu akishuka ngazi.

Sasa nimeelewa yote. Ile taa ya Juni. Ile kutu. Analegeza vyangu nionekane sifai, kisha anapewa kibano cheusi. Ananiita shangazi huku ananichimbia kaburi. Ingawa sipaswi kulisema, nina furaha. Miezi mitatu nimejiona mtu mbaya. Kumbe mbaya ni yeye.

29 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa, hata kama mkono hautaki.

Saa moja kamili, kikosi chote kikiwa kanisani, nilisimama katikati na kusema kwa sauti ambayo waigizaji waliisikia vyumbani. "Mzee Hilario, kuna mtu anagusa vibano vyangu. Anavifungua alfajiri na kuchora mistari yangu kwa rangi yake. Nataka kila mtu aje aone."

"Otilia," Mzee akasema polepole, "tuongee nje."

"Hapa hapa! Taa hizi ziko juu ya vichwa vya watu. Nimemkamata akishuka ngazi. Mwulize huyo mpenzi wako wa bandarini alikuwa anafanya nini huko juu!"

Rosaura alikuwa ameshika waya, akauweka chini taratibu kama anayelaza mtoto. Hakunitazama. Alimtazama Mzee na kutikisa kichwa kidogo sana, kama anayemwomba kitu.

Mzee akaomba ngazi. Hajapanda ngazi tangu Pasaka. Nabor akamwambia, "Mzee, magoti," akamjibu, "Shika ngazi unyamaze." Alipanda kipandio kimoja kimoja, mguu ukifuata mguu, na alipofika kwenye boriti ya pili alitoa miwani, akatoa kitambaa, akaomba kichupa cha dawa ya kufutia rangi kutoka kwa wapambaji. Nikampandishia mwenyewe, kwenye kikapu cha kamba. Nilikuwa nimesimama chini kabisa ya kibano changu, kifua mbele.

Akafuta rangi ya pinki. Akafuta taratibu, safu ya juu tu. Chini yake nyekundu yangu ikatokea, ile ya damu ya ng'ombe, nusu kwenye skrubu na nusu kwenye mwili wa kibano. Na zile nusu mbili hazikukutana.

"Nabor, panda upande wa pili," akasema. "Niambie unaona nini."

Nabor akapanda. Akatazama kwa muda mrefu. "Mstari wa zamani umekatika, Mzee."

"Ile nusu ya kwenye skrubu imekwenda upande gani?"

Nabor alinitazama mimi kule chini, na usoni mwake niliona jambo ambalo sijawahi kuliona kwa Nabor, huruma. "Kulia. Mkwaruzo wa rangi umeelekea huko."

"Kulia ndiyo nini?"

"Kulia ni kukaza, Mzee."

"Kwa kiasi gani?"

"Nusu mzunguko."

Mzee akafuta cha pili. Nusu mzunguko. Cha tatu. Karibu nusu na robo. Ilisikika mvua ikianza kwenye vigae na mpini mmoja ukigonga boriti. Mimi nilikuwa nimeelewa tangu kile cha kwanza, ila miguu haikutaka kuondoka. Mstari wangu hausemi kibano kimekazwa. Unasema tu hakijasogea tangu ulipouchora. Ukikaza nusu na kuchora, mstari unanyooka vizuri kabisa, na mzee mwenye magoti mabovu anautazama kutoka chini na kukuamini. Hilo mimi niliyeubuni nilipaswa kulijua kuliko wote. Nilikuwa nalijua.

Kila siku, tangu Juni, nimekaza kadiri mkono ulivyoniruhusu, na nimejiambia inatosha. Na ile kutu ya Juni haikuwa kutu.

"Rosaura," Mzee akaita kutoka juu, "tangu lini?"

"Ni mbao tu, Mzee." Alisema haraka haraka. "Mbao zinavimba na kunywea. Vya shangazi viko upande wa jua. Nilikuwa nakazia kidogo tu, yeye alikuwa ameshafunga vizuri."

Hakuna hata mmoja aliyeamini, na kila mmoja alimpenda kwa hilo. Hata uongo wake ni mzuri kuliko ukweli wangu. Nilivua glavu mbele yao wote, sijui kwa nini, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vilibaki vimejikunja vile vile.

30 Agosti

Mzee amekuja kukaa nami barazani, kila mmoja na mkate wake mtamu.

"Nilijua habari za mkono wako tangu Pasaka," akasema. "Uliwasha kiberiti kwa kushoto."

"Na hukusema."

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Ndiyo maana kile cheusi nilimpa yule. Mita sita, Otilia! Nilidhani jioni ile ungenijia, unitukane, tuzungumze." Akamega mkate wake na hakuula. "Mkuu wa taa hapandi ngazi, mama. Mimi nimepanda mara ngapi miaka hii? Mkuu anasimama chini anatazama juu. Nilikuwa nataka macho yako. Mikono ningekutafutia."

"Nilikuwa nataka," amesema. Si "nataka".

"Sasa?"

"Sasa nimeona umewasimamisha watu wiki kumi na moja chini ya taa ambazo ulijua hazijakazwa. Kuumwa si kosa. Hilo ndilo kosa."

Akaniambia nitaendelea kufunga vibano vyangu mpaka mwisho wa filamu, na kila asubuhi Rosaura atavipitia, waziwazi, mbele ya watu wote. Nikasema sawa. Kisha akanishika begani akainuka, na magoti yake yakalia yote mawili.

1 Septemba

Rosaura amepitia vyangu. Watu wanajifanya hawaoni.

9 Septemba

Mvua. Amepitia. Nimemtengenezea kahawa Mzee mimi mwenyewe, akanywa, akasema haina mdalasini.

16 Septemba

Sikukuu ya uhuru. Fataki uani, bendera kwenye jenereta. Nabor ameniomba nicheze, nami nimecheza wimbo mmoja. Rosaura amecheza yote.

25 Septemba

Taa ya mwisho imeshuka na jina limetajwa. Ni la Rosaura. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili, wakamnyanyua juu, na Mzee akampa lile daftari jeusi ili aone jinsi ya kuliandika. Nilipiga makofi. Safari hii sikujali yanasikikaje.

Lakini hayo yalikuwa jioni. La mchana ndilo ninalotaka liandikwe hapa.

Nilikuwa kwenye boriti ya tano ya kanisa, kibano changu cha mwisho. Taa yake ilikuwa imeshashushwa kwa kamba, kimebaki chenyewe. Aliyefunga ndiye anayefungua. Mpini haukugeuka. Kile kipande cha bomba kilikuwa kimeshapakiwa kwenye lori. Nilijaribu kwa kulia, nikajaribu kwa kushoto, nikajaribu kwa kiwiko. Chini watu walikuwa wanakunja waya, na hakuna aliyenitazama, kwa adabu. Ningeweza kukaa kule mpaka Krismasi, wangeendelea kuwa na adabu.

"Rosaura!" nikaita. "Njoo unifungulie."

Alipanda upande wa pili wa ngazi. Akageuza mara moja tu, mbao ikapumua, na kibano kikaanguka kwenye kiganja changu, kizito na cha moto kwa jua. Tulikuwa tumeangaliana, nyuso mbili na kipandio kimoja katikati. Nikaona nisiposema pale sitasema tena.

"Julai," nikasema. "Barazani, boriti ya tatu. Chako kilikuwa kimelegea, nikakiona. Siku mbili. Sikusema."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona unakitazama, shangazi. Kahawa yako ilipoa mkononi. Siku ya kwanza nikadhani umechoka tu. Siku ya pili ukasimama pale pale tena, nikajiuliza huyu anatazama nini siku zote, jioni watu walipotoka nikapanda. Nikakuta kimelegea." Akafuta jasho kwa bega. "Macho yako bwana!"

Nilishika ngazi kwa ule mkono unaoshika. "Ukajua kwamba nimekuachia kianguke, na kesho yake alfajiri ukaenda kukaza vyangu?"

Alinishangaa, kama niliyemuuliza kwa nini anapumua.

"Chini kulikuwa na watu," akasema, akaanza kushuka.

Kibano hicho sikukirudisha kwenye sanduku. Kiko hapa mezani kando ya daftari, na mstari wake una nyekundu mbili, yangu chini na yake juu. Namwonea wivu hata kwa jibu lile. Kesho basi linaondoka saa mbili, naye ameniomba nikae naye kiti cha mbele, aniulize maswali kuhusu taa za filamu ijayo. Nimemwambia nitakaa, ila aache kuniita shangazi.

"Sawa, shangazi," akasema.